Majina Yetu Yako Nairobi: Enzi ya Mvuke ya Gulwe Itunzwe Wapi?

Na Mwandishi Wetu, Mpwapwa

KATIKA Makumbusho ya Reli jijini Nairobi imesimama injini ya mvuke ya rangi ya maruni, namba 3020. Ubavuni imebeba jina Nyaturu, jina la wenyeji wa Singida.

Makumbusho hayohayo yana injini nyingine mbili kubwa kuliko hiyo. Namba 5918 inaitwa Mount Gelai na namba 5930 inaitwa Mount Shengena. Gelai ni mlima wa Longido, mkoani Arusha. Shengena uko Upare, wilayani Same. Ya nne, namba 6006, ina jina la Sir Harold MacMichael, Gavana wa Tanganyika kuanzia 1934 hadi 1938.

Watu wetu, milima yetu na historia ya utawala wa nchi yetu vimeandikwa kwenye chuma, na chuma chenyewe kiko Kenya. Mtoto wa Gulwe, wilayani Mpwapwa, akitaka kuona mashine aliyoitumikia babu yake, sharti avuke mpaka.

Gulwe yenyewe haijakosa treni. Reli ya zamani yenye upana wa mita moja bado ipo, na reli ya kisasa ya SGR nayo ina stesheni yenye jina hilo. Tangu Julai 2024 treni za umeme zinakwenda kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kasi yake inafika kilometa 160 kwa saa.

Lakini kabla ya umeme, na kabla ya dizeli, mlima wa Gulwe ulipandwa kwa mvuke kwa zaidi ya nusu karne. Kazi hiyo ilikuwa na ujuzi wake, watu wake na majengo yake. Nini kati ya hivyo kitunzwe, kitunzwe wapi, na nani agharamie? Hayo ndiyo maswali yanayohitaji majibu sasa, wakati reli ya zamani ikiendelea kukarabatiwa.

Mlima na kiu

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, chini ya utawala wa Wajerumani. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Kilosa ipo kwenye mwinuko wa mita 490 hivi kutoka usawa wa bahari. Dodoma ipo juu ya mita 1,100. Kati ya miji hiyo reli inafuata bonde la Mto Mkondoa, inapita Kidete na Godegode, inafika Gulwe, kisha inaendelea kupanda kuelekea Msagali na Igandu. Kwa miaka mingi Gulwe ndiyo iliyokuwa stesheni ya abiria na mizigo ya mji wa Mpwapwa.

Kwa injini ya mvuke, sehemu hii ilikuwa na taabu mbili. Ya kwanza ni mlima. Ya pili ni kiu, kwa sababu injini hunywa maji njia nzima, na Ugogo ni nchi ya mvua chache.

Dereva aliyekuwa akiondoa treni nzito mlimani hakufungua mvuke kwa pupa. Akifungua kwa nguvu, magurudumu yanazunguka palepale na treni haisogei. Dawa ilikuwa mchanga mkavu, uliohifadhiwa kwenye kisanduku cha injini na kumwagwa kwa mabomba membamba juu ya reli, mbele ya magurudumu. Mchanga ukilowa unaganda bombani, kwa hiyo ulikaushwa kabla ya kupakiwa.

Kazi ya fayaman, yaani mchochea moto, ilihitaji jicho zaidi ya misuli, hasa kwenye injini zilizochoma mafuta mazito. Alitazama moshi. Ukiwa mweusi tii, mafuta yanapotea bure. Usipoonekana kabisa, hewa baridi imezidi tanurini. Alitakiwa kuuweka kwenye ukungu mwepesi wa kijivu.

Jicho la pili lilikuwa kwenye kioo cha maji. Injini inapopanda, maji ndani ya boila husogea nyuma na kufunika paa la tanuri. Ikivuka kilele na kuanza kushuka, maji hukimbilia mbele, na paa hilo linaweza kubaki tupu juu ya moto. Bati lisilo na maji juu yake hulainika, na boila linaweza kupasuka. Kwa hiyo fayaman aliyejua kazi alijaza maji kabla ya kufika kileleni. Mlima aliujua kwa kona zake, usiku na mchana.

> Fayaman aliyejua kazi alijaza maji kabla ya kufika kileleni.

Gia za milima mingine

Taabu ya mlima haikuwa ya Gulwe peke yake. Huko Marekani mkata magogo wa Michigan, Ephraim Shay, alipata hataza mwaka 1881 ya injini ya mvuke inayotumia gia. Kiwanda cha Lima, Ohio, kiliunda injini za aina hiyo takriban 2,770 hadi mwaka 1945.

Katika injini ya kawaida, mkono wa chuma hutoka kwenye pistoni na kuzungusha gurudumu moja kwa moja. Katika injini ya Shay, silinda zimesimama wima upande wa kulia. Zinazungusha shafti ndefu iliyolala ubavuni mwa injini, na shafti hiyo inagusa kila ekseli kwa gia. Boila limesogezwa kidogo kushoto ili uzito usiegemee upande mmoja.

Ni kama baiskeli ya gia inapopanda kilima: mwendo unapungua, nguvu inaongezeka. Injini hizo zilitambaa kwenye reli mbovu za msituni na kupanda miinuko ambayo injini ya kawaida isingethubutu.

Tanganyika nayo ilikuwa na reli ya magogo, katika misitu ya Usambara Mashariki. Reli ya Sigi ilianzia Tengeni, kwenye njia ya Tanga, ikapanda kilometa 23 hivi kuelekea Amani. Huko mlima ulishindwa kwa njia nyingine: reli ilijengwa kwa mtindo wa zigizaga, treni ikienda mbele, ikirudi nyuma, kisha ikienda mbele tena, kila safari ikiwa juu zaidi.

Reli ya Kati haikuwa na mwinuko mkali kama ule wa reli za magogo. Ilihitaji kuvuta mizigo mingi kwa masafa marefu juu ya reli nyepesi. Jibu lake lilikuwa kuongeza idadi ya magurudumu yanayovuta, na hapo ndipo yalipoingia magarimoshi ya aina ya Garratt, yenye boila moja katikati na seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma. Kila seti ina silinda zake na inageuka peke yake kwenye kona.

Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, lilizitegemea sana. Injini 29 za daraja la 60 zilipewa majina ya magavana, na zilifanya kazi Tanganyika pia. Injini 34 za daraja la 59 zilipewa majina ya milima. Kila moja ya hizo za milima ilikuwa na uzito wa tani 252, na ndizo zilizokuwa na nguvu kuliko injini zote za mvuke kwenye reli ya upana wa mita moja duniani. Kazi yake ilikuwa kati ya Mombasa na Nairobi.

Kwa upande wa kiu lilikuja daraja la 30, ambalo injini ya Nyaturu ni mojawapo. Kampuni ya North British ya Glasgow iliunda injini 26 za daraja hilo katikati ya miaka ya 1950. Zilichoma mafuta, na zilipewa tenda yenye tangi kubwa la maji ili ziweze kukata masafa marefu ya nchi kavu bila kusimama kila mara.

Mizigo iliyopita Gulwe

Ukitaka kujua uzito wa historia ya njia hii, tazama kilichopita juu yake. Meli iliyokuja kuitwa MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipandevipande, ikafungwa kwenye makasha, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa kwa reli kwenda Ziwa Tanganyika. Makasha hayo yalipita hapa.

Vita Kuu ya Kwanza nayo ilipita. Majeshi ya upande wa Waingereza chini ya Jenerali van Deventer yaliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, kisha yakateremka kuifuata reli kuelekea Kilosa, huku Wajerumani wakirudi nyuma na kubomoa madaraja.

Baada ya Vita ya Pili ukaja mpango wa karanga wa Kongwa. Serikali ya Uingereza ilimwaga mamilioni ya pauni, matrekta yakashushwa, na njia ya tawi ikajengwa kutoka Msagali kwenda Kongwa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na baadaye reli ya tawi ikang'olewa.

Makumbusho ya Nairobi yalifunguliwa mwaka 1971, wakati shirika la reli lilikuwa bado la nchi tatu kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kilichokuwa Nairobi kilibaki Nairobi. Tanzania ikaanzisha shirika lake, dizeli zikaendelea kuchukua nafasi, na injini za mvuke zikamalizia maisha yake hapa nchini bila nyumba ya kuzipokea.

Mto unapodai njia

Kutunza historia ya Gulwe kuna mpinzani mzito, nao ni maji. Mvua za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 zilisomba tuta na madaraja kati ya Kilosa na Gulwe, na safari za Reli ya Kati zikakatika kwa miezi kadhaa. Haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho.

Mto wa mchanga hupandisha kitanda chake mwaka hadi mwaka. Mashamba na malisho ya nyanda za juu yanapopoteza miti, udongo hushuka na maji, hujaa bondeni, na maji hutafuta njia mpya. Mara nyingi njia hiyo mpya ni tuta la reli.

Shirika la Japani, JICA, limefanya uchunguzi wa kinga ya mafuriko katika Reli ya Kati. Mradi wa TIRP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulilenga ukarabati wa kilometa 970 kutoka Dar es Salaam hadi Isaka. Kila shilingi ina kazi yake, na kila mhandisi anajua kwamba masika hayasubiri.

Hoja zinazogongana

Hoja ya kwanza ni ya wanaosimamia fedha. Wao huona kwamba daraja linalopitisha abiria lina haki kuliko jengo kuukuu. Reli ikikatika, Kigoma na Mwanza zinaumia. Hoja hii ni ya haki, na mtetezi yeyote wa malikale anayeipuuza hatasikilizwa.

Hoja ya pili ni ya usalama. Injini ya mvuke si sanamu ikishawashwa. Mabomba ya boila huliwa na kutu, na misumari inayoshikilia kuta za tanuri hukatika bila kuonekana. Marekani sheria inataka boila la injini ya mvuke lifunguliwe na kukaguliwa lote kila baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, lipi litangulie. Bila mafundi na wakaguzi, kuwasha injini ni kucheza na roho za watu.

Hoja ya tatu ni ya soko la chuma chakavu. Injini iliyolala yadini ni tani nyingi za chuma, na bei yake inajulikana leo. Thamani ya kumbukumbu haipimwi kwenye mizani, kwa hiyo hushindwa mapema.

Hoja ya nne hutoka kwa wapenzi wa historia wenyewe, nao hawakubaliani. Wako wanaotaka injini zenye majina ya Tanzania zirudishwe. Wako wanaotaka jumba moja kubwa la reli Dodoma au Dar es Salaam. Wako wanaosema historia itunzwe pale ilipotokea, hata kama ni stesheni ndogo.

Mwandishi wa makala haya anasimama na hao wa mwisho. Kudai injini za Nairobi hakutatufikisha mbali, kwa sababu Kenya ilizitunza wakati sisi hatukutunza. Shukrani na ushirikiano vitatupatia zaidi: picha, michoro, kumbukumbu za karakana, pengine hata maonyesho ya kuazima. Na jumba la mji mkuu, hata likiwa zuri namna gani, haliwezi kumwonyesha mtu mlima wa Gulwe.

> Jumba la mji mkuu haliwezi kumwonyesha mtu mlima wa Gulwe.

Sheria ina pengo

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vitu vya kale vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Reli ya kwanza ya nchi hii, ile ya Tanga, ilianza kujengwa mwaka 1893. Maana yake hakuna stesheni, tangi la maji wala injini hata moja inayolindwa kwa umri wake pekee.

Mlango uliobaki ni tangazo la waziri. Waziri anayehusika na malikale anaweza kutangaza jengo au eneo kuwa urithi unaolindwa. Hilo halitokei lenyewe. Linahitaji orodha, ramani, picha na halmashauri itakayoomba.

Walioweza walianzaje?

Cass ni mji mdogo wa milimani huko West Virginia, Marekani. Kiwanda chake cha mbao kilifungwa mwaka 1960, na reli yake ikawa ya kuuzwa kama chuma chakavu. Mtu mmoja, Russell Baum, aliwashawishi viongozi wa jimbo wainunue. Mwaka 1963 treni za watalii zikaanza.

Mpaka leo injini za gia za Shay hupanda huko, kwenye mwinuko unaofika mita 11 kwa kila mita 100. Mojawapo, namba 5, iliundwa mwaka 1905, mwaka uleule reli yetu ilipoanza kutoka Dar es Salaam. Cass haikununua chuma tu. Ilihifadhi reli, karakana, nyumba za wafanyakazi na mikono iliyojua kazi, vyote pamoja.

Taiwan inatoa somo lililo karibu zaidi na Gulwe. Reli ya msitu wa Alishan, iliyoanza kujengwa mwaka 1906, inatunza injini za Shay zilizotoka Lima, na baadhi zimefufuliwa. Agosti 2009 kimbunga Morakot kiliibomoa vibaya. Ilirudi kufanya kazi njia nzima Julai 2024, baada ya karibu miaka 15. Huko kinga ya mlima na utunzaji wa urithi vilikwenda pamoja, kwa kuwa ni reli ileile inayobeba vyote viwili.

Si lazima twende mbali. Huko Jinja, Uganda, stesheni ya zamani iligeuzwa kuwa makumbusho ya reli mwaka 2022. Na hapa kwetu Sigi, jengo la enzi ya reli ya Kijerumani limekuwa kituo cha kupokelea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Reli imekwisha, lakini mgeni anaingia msituni kupitia mlango wake.

MV Liemba inafundisha jambo jingine. Ilizamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Injini zake za mvuke zilibadilishwa kuwa za dizeli miaka ya 1970. Imedumu kwa sababu watu wa ziwani waliihitaji. Kitu kinachofanya kazi hupata mlezi.

Gulwe ianzie wapi?

Kufufua injini ya mvuke si hatua ya kwanza. Inaweza kuwa ya mwisho, au isiwepo kabisa. Kwa uwezo tulio nao, kuna mambo manne yanayowezekana.

La kwanza ni orodha ya mali za enzi ya mvuke kutoka Kilosa hadi Dodoma: majengo ya stesheni, misingi ya matangi ya maji, nyumba za wafanyakazi, madaraja ya zamani na vibao vyake. Orodha hiyo iwe mezani kabla mkandarasi yeyote wa ukarabati hajaanza kubomoa.

La pili ni sauti za wazee. Kijana aliyeanza ufayaman mwaka 1975 akiwa na miaka 20 sasa amefika 70. Wapo madereva wastaafu, magadi wa treni, mafundi wa boila na watu wa magenge ya reli wanaoijua njia hii kilometa kwa kilometa. Wanafunzi wa chuo cha reli cha Tabora wanaweza kurekodi simulizi zao kama sehemu ya masomo, na kumbukumbu hizo zikawa kitabu cha kufundishia.

> Kijana aliyeanza ufayaman mwaka 1975 akiwa na miaka 20 sasa amefika 70.

La tatu ni chumba kimoja katika stesheni ya Gulwe, chenye picha, ramani ya mlima, taa za ishara, vifaa vya kazi na maelezo kwa Kiswahili. Shule za Mpwapwa na Kongwa zipewe ratiba ya kukitembelea. Chumba hicho kieleze mafuriko pia, kwa kuwa mtoto anayejua kwa nini tuta linasombwa ndiye atakayeelewa kwa nini miti ya nyanda za juu isikatwe.

La nne ni mkataba wa ushirikiano kati ya Shirika la Reli Tanzania, Makumbusho ya Taifa na Makumbusho ya Reli ya Nairobi, ili nyaraka za enzi ya shirika la pamoja zinakiliwe na kurudi kwa wenye historia hiyo.

Fedha za mambo hayo ni ndogo mno zikilinganishwa na gharama ya daraja moja, na hakuna hata moja linaloichelewesha kazi ya kuzuia mafuriko. Halmashauri ya Mpwapwa iandike ombi, Shirika la Reli litoe chumba na orodha, wizara ya malikale itoe tangazo. Wafanyakazi waliopandisha nchi hii mlimani kwa moto na maji wanastahili kuandikwa wakiwa bado wanaweza kutusahihisha.